Vitabu Kumi na Kimoja kwa Jina Lako

Kinampanda, alasiri

Mwanangu Elipendo,

Salamu tuziruke, maana uji wa leo asubuhi tumekunywa meza moja na nimekuona u mzima. Mambo ya sanduku, ya dawa na ya mtu wa kukupokea Songea mama yako amekwambia tangu juzi, na kesho atakwambia tena mpaka dereva apige honi. Mimi nina jambo moja tu. Miezi mitano nimeshindwa kulitamka. Kila siku najiambia nitalisema wakati wa chakula, na chakula kinaisha. Kwa hiyo nimelileta kazini. Nimekaa kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba ninayojenga hapa nyuma ya zahanati, kozi ya tisa ya tofali, nasubiri udongo ushike, na daftari la vipimo liko mapajani.

Barua hii uisome ndani ya basi ukishapita Manyoni. Nimepanga hivyo makusudi. Ukiisoma nyumbani utalia, mama yako atauliza kulikoni, na mimi nitapata sababu ya kwenda kuangalia mbuzi.

Nianze na shukrani, maana ndizo nyingi.

Ulipokosa nafasi ya chuo mara ya kwanza, ulikaa nasi mwaka mmoja na miezi miwili. Watu walikuonea huruma. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Ukajiunga na lile kundi la wasomaji la mtandaoni, watu mia nne na kumi na wawili wa kila mkoa, wanaopelekeana vitabu kwa mabasi. Kila mtu anakaa na kitabu siku kumi na nne, anaandika kundini alivyokiona, anatoa nyota kuanzia moja hadi tano, kisha anakitia kwenye bahasha kiende kwa mwingine. Bahasha zako zilishukia stendi ya Kiomboi, na mimi ndiye niliyezichukua nikitoka kazini. Ya kwanza niliifungua palepale stendi. Nilijiambia mzigo naubeba mimi, kuuchungulia si dhambi. Nilipoinua kichwa nilikuwa nimemaliza kurasa thelathini na moja na gari la kunirudisha lilikuwa limekwisha kwenda.

Nilidhani utanigombeza. Ulitazama bahasha iliyochanika, ukaniuliza, "Unaonaje, baba?"

Hujui ulichofanya kwa maneno yale mawili. Mimi watu huniuliza tofali ngapi. Huniuliza chumba futi kumi na mbili kwa kumi na nne kitakula mifuko mingapi ya saruji, na ninajibu kabla hawajafunga mdomo. Kuulizwa naonaje juu ya kitu kilichoandikwa, mara ya mwisho nilikuwa darasa la saba.

Habari ya darasa la saba unaijua, lakini unaijua kwa kinywa cha baba yako mkubwa, ambaye huisimulia kama kichekesho. Ilikuwa hivi. Yeye alikuwa amerudia mwaka, tukafanya mtihani pamoja. Majina mawili ya ukoo wetu yalibandikwa ukutani kati ya waliofaulu, na langu lilikuwa juu ya lake. Babu yako aliyatazama yote mawili, akasema, "Mkubwa aende. Huyu ana mikono." Basi. Hakuna aliyeuliza kama mkubwa hakuwa na mikono. Nilipewa jembe, baadaye nikamfuata fundi mmoja nikimchanganyia udongo, nikamtazama anavyoshika timazi, na miaka miwili baadaye ukuta wangu ulikuwa umenyooka kuliko wake. Kila nilichonacho nimekijenga kwa mikono hiyo waliyonisifia. Lakini lile donge, Pendo, halijayeyuka. Sikudanganyi kwamba limeyeyuka.

Sasa wewe ukaniuliza naonaje. Nikakueleza, na wewe ukaandika kwenye simu, ukanisomea, nikakwambia hapana, sikusema hivyo, ukafuta, ukaandika tena. Ulipofika mwisho ukasema, "Haya baba, taja jina lako niweke."

"Weka lako."

"Maneno si yangu."

"Jina la mtu wa darasa la saba watalicheka."

"Nani atajua darasa lako?"

"Mimi nitajua."

Ukacheka, ukaweka lako: Pendo wa Kinampanda. Tukaendelea hivyo. Vitabu kumi na saba tulivitolea maoni. Kumi na saba mara siku kumi na nne ni siku mia mbili thelathini na nane, na sioni siku nyingine maishani mwangu zinazofanana na hizo. Sita uliandika wewe, kwa utaratibu wako mzuri. Kumi na kimoja ni mimi. Ni mimi niliyegundua yule mtoto aliyekuwa na miaka tisa ukurasa wa 112 na miaka saba ukurasa wa 140, nikasema mwandishi atuambie anamlisha nini mwanawe mpaka anakua kwa kurudi nyuma. Ni mimi niliyepiga hesabu ya yule bwana aliyetembea kutoka mji hadi mji kwa saa moja, nikasema huyo hakutembea, alitumwa kwa simu. Watu wa kundi wakawa wanasubiri. "Pendo wa Kinampanda ameshapima?" wakiulizana. Wakakupa kazi ya kuchagua kitabu cha mwezi. Nilikuwa nikipanga tofali nikicheka peke yangu, na mwenye nyumba akidhani nimelewa.

Ninakushukuru kwa hilo. Kilikuwa kidato changu cha kwanza, na mwalimu wangu alikuwa mtoto niliyembeba mgongoni.

Sasa niseme nililolifanya.

Kitabu cha kumi na saba kilikuwa cha yule dada Kabula. Kilikuja wiki ile ya sendoff ya binti wa baba yako mkubwa. Pale ukumbini, mbele ya wakwe, kaka yangu alishika kipaza sauti akatambulisha ndugu. Alipofika kwangu akasema, "Huyu ni mdogo wangu, ukitaka kuhesabiwa tofali mtafute." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, maana ukinuna ndipo wanapojua wamekupata. Jumamosi iliyofuata wewe ulikwenda Singida na kwaya, simu ukaiacha nyumbani ipate chaji. Nilikaa na kile kitabu, nikakisoma, nikafika ukurasa wa 63, nikakuta mjane anaezeka nyumba ambayo haina kuta. Nikajiambia, tazama huyu msomi. Ameandika kitabu kizima na hajui nyumba inaanzia wapi. Sikuwa namwona Kabula tena. Nilikuwa namwona mwenye kipaza sauti.

Kisha nikatazama jina lililoko kwenye jalada. Jina la Kisukuma. Nikafurahi. Unajua sisi Wanyiramba na Wasukuma tulivyo: ni watani, na mtani anaruhusiwa lolote. Nikachukua simu yako nikaandika kwa kidole kimoja, nikatuma:

"Nyota moja, na hiyo nampa aliyepiga chapa. Msukuma huyu ameandika kurasa 204 kama mtu anayetafuna michembe ya viazi gizani. Ukurasa wa 63 nyumba ina paa na haina ukuta, labda inasubiri upepo uijenge. Mwandishi afe upesi tuje msibani, tumzike na kitabu chake, tugawane ng'ombe."

Kwetu hapa hayo ni maneno ya kawaida. Akija Msukuma dukani nikamwambia atakufa lini tule ng'ombe, atanijibu atakufa nikishamaliza kuiba kuku wote wa Iramba, na tutanunuliana soda. Lakini kule kundini hakukuwa na duka wala soda. Palikuwa na msichana wa watu anaitwa Pendo anayemwombea mwenzake kifo.

Majibu tisini na matatu. Nimeyahesabu mara nyingi kuliko nilivyowahi kuhesabu tofali. Wawili tu walicheka, mmoja wa Shinyanga na mmoja wa Nzega, wakasema huo ni utani tu. Waliobaki tisini na mmoja waliniona nilivyo. Na katikati yao akaandika mwenyewe Kabula, kumbe naye yumo kundini, mstari mmoja na nusu: "Mimi nimezaliwa Unguja, mambo hayo siyajui. Mama niliyemwandikia kitabu hiki tumemzika wiki tatu zilizopita. Asante kwa nyota moja."

Ulirudi Jumapili jioni. Ulisoma yote kwenye simu ukiwa umesimama mlangoni na mkoba begani. Mimi nikakwambia, "Watu wa pwani hao, hawajui utani." Uliketi ukaandika, "Nimekosa. Naomba radhi kwa dada Kabula na kwenu nyote. Pendo." Wakakunyang'anya kazi ya kitabu cha mwezi na wakakufungia. Nikasema, kwa sauti ya chini ambayo mtu huitumia akitaka asisikike, "Ungewaambia ni mimi."

Ukasema, "Jina ni la kwangu, baba."

Ukaenda kuosha vyombo. Sasa Pendo, hapo ndipo ningeweza kusimama. Sikusimama. Nilijiambia msichana ana moyo mpana, ameyamaliza. Nikakuachia uubebe.

Kuna sehemu huijui. Kabula aliomba nakala zake zote tatu zilizokuwa zikizunguka zirudishwe. Ulifunga ile yetu kwenye bahasha ukanipa niipeleke stendi. Sikuipeleka siku ile. Nilikaa nayo siku kumi na moja, nikiisoma hapa kazini wakati wa chai. Unajua ni kwa nini niliianza upya? Kwa sababu nilipotoa ile nyota moja nilikuwa ukurasa wa sabini. Sabini kati ya mia mbili na nne. Theluthi na kurasa mbili. Mimi ninayewakatalia watu kukadiria gharama za nyumba kabla sijaona kiwanja chote, nilimzika mtu kwa theluthi na kurasa mbili.

Ukurasa wa 151 yule mjane anaeleza mwenyewe. Mvua imekaribia, ana watoto watatu, hana tofali hata moja. Anasimamisha nguzo, anaezeka kwanza ili watoto wawe mahali pakavu, kuta anazikandika baadaye kidogo kidogo, akiwa chini ya paa lake. Ni sawa kabisa. Ndivyo bibi yangu alivyojenga. Nimelala mimi mwenyewe chini ya paa la namna hiyo upepo ukipita pande zote nne. Fundi mzima nikasahau nyumba niliyozaliwa, kwa kutaka kumkomoa mtu aliyesoma. Nilifunga kitabu nikapeleka bahasha stendi. Nilijua kosa langu lote tangu siku ile, na bado nikanyamaza.

Kuhusu utani nimewaza hivi, nawe utaona mwenyewe kama ni kweli. Alipofariki babu yako, watani walikuja wakamtukana maiti mpaka nyanya zako wakacheka katikati ya machozi. Lakini watani haohao ndio waliochimba kaburi na kuchota maji siku tatu, sisi tumekaa. Matusi yao yalikuwa na jasho. Mimi nilimtukana Kabula wiki tatu baada ya msiba wake na sikumchotea hata kopo. Huo haukuwa utani. Lilikuwa donge langu la ukutani, nimelivalisha nguo za utani.

Ningeweza kunyamaza mpaka kesho, ukapanda basi, yakaisha. Lakini Jumanne nilikuwa nyuma ya tangi nikirekebisha bomba, na wewe ulikuwa bombani na mwenzako Nuru. Hamkuniona.

Nuru akasema, "Huko chuoni si utapata wenzako wa kusoma nao? Utafurahi."

Ukasema, "Mkutubi wa chuo yumo kwenye lile kundi. Nimeona jina lake kwenye wale waliojibu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nitakaa kimya. Nitasoma chumbani. Ataniona nimeshika kitabu, aseme, ooh, kumbe ndiye yule wa laana."

"Mwambie haikuwa wewe!"

"Nimseme baba yangu?"

Nilibaki nimeshika spana, bomba linavuja miguuni. Miaka mingi nimelalamika kwamba mtu mwingine alichukua nafasi yangu akaniachia mikono tu. Na mimi nimekufanyia vilevile. Mlango wa kitabu, kitu pekee ulichonifungulia, nimekufungia nao mbele ya watu usiowajua, kabla hujafika.

Ile simu niliyonunua kwa fundi redio, mkacheka wewe na mama yako kwamba nataka kuchati na nani, niliinunua kwa ajili hii. Juzi, nikiwa juu ya jukwaa la ujenzi ambapo mtandao unashika, nilimpigia Bi Zuhura wa Tanga, yule mwalimu mstaafu anayesimamia kundi. Nimeyaandika mazungumzo jinsi yalivyokuwa ili usidhani nimejipamba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Baba yake Pendo wa Kinampanda."

"Aa. Baba Pendo, mwanao alituumiza sana."

"Hakuwaumiza yeye. Ni mimi niliyeandika. Yeye hakuwapo hata nyumbani."

Nikasikia kuku wake. "Wewe? Na zile nyingine, za kuhesabu kurasa?"

"Kumi na kimoja vyangu. Sita vyake."

"Ile ya mtoto anayekua kwa kurudi nyuma?"

"Yangu, mama."

Akacheka, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akakatisha kama mtu aliyefunga bomba. "Kucheka nimecheka, ila kosa liko palepale. Miezi mitano, mwanaume mzima, umejificha nyuma ya mtoto wa kike! Huoni haya?"

"Naona, mama."

"Basi njoo kundini kwa jina lako uyaseme hayo mbele ya wote. Mimi siwezi kukusemea."

Leo saa nne asubuhi nimeingia, kwa majina yangu yote matatu, fundi ujenzi, darasa la saba. Nimeandika kwamba ni mimi niliyeandika, wewe hukuwapo, na uliomba radhi kwa kosa lisilo lako. Nimeandika kwamba nilitoa nyota nikiwa ukurasa wa sabini. Nimemwomba Kabula msamaha wa kitabu na wa mama yake. Kisha nimesema ninavyokiona kweli kitabu chake, chote, mpaka ukurasa wa 204. Nimempa nyota nne. Ya tano sikumpa, maana sura ya mwisho inakimbia, na nisingependa aone kwamba nyota zangu ni za majuto. Wako watu kundini wanaotoa tano kwa kila kitu kama wanaogawa pipi. Hao hata leo siwaelewi.

Kabula ameona. Hajajibu. Pengine hatajibu kamwe, ni haki yake, na wewe usimwandikie kuniombea. Mkutubi wako wa Songea amejibu, nakunakilia: "Binti akifika aje maktaba, tuna upungufu wa watu wanaosoma mpaka mwisho." Mimi sijamwongezea neno.

Hukumu ya Bi Zuhura imetoka saa saba. Wewe utafunguliwa kesho saa mbili asubuhi, utakuwa ndani ya basi, na kazi ya kitabu cha mwezi ni yako tena ukiitaka. Mimi nimefungiwa siku thelathini. Nilimwandikia, siku thelathini kwa miezi mitano si hesabu, ongeza. Akajibu, "Baba Pendo, hapa usituhesabie."

Huko uendako wapo watakaokuambia kwamba kila kitu ulichonacho umepewa na wazazi wako. Kwa upande wangu sema si kweli. Nilikulipia kilicholipika, nikakujengea chumba. Lakini kusoma kitabu na kusema ninavyokiona, mbele ya watu mia nne, hicho nimepewa na wewe. Sikukulipa vizuri. Asante, mwanangu, kwa kuniuliza, na kwa kufuta na kuandika upya kila nilipobadilisha neno. Asante pia kwa ile siku mlangoni ulipoweka mkoba chini bila kunitazama kwa dharau. Ningestahili.

Udongo umeshika, narudi kwenye kozi ya kumi. Kuna kitabu nilikinunua stendi wiki hii, nimefika ukurasa wa 88, kuna jambo ndani yake limenikaa kooni, na mpaka siku thelathini ziishe sina pa kulisema ila kwako. Ukifika, ukipumzika, ukiwa na nafasi, niulize naonaje.

Ni mimi baba yako,
Yohana, msomaji aliyefungiwa, na kwa haki.